Sanduku la Kumkomoa Kaka

Kaka yangu tunamwita Bwana Maili, na si kwa mapenzi. Mtu huyu hawezi kwenda popote moja kwa moja. Ipo ndege inayofika bila kutua mpaka mji aliolazwa mama mkubwa, lakini yeye alimkatia mama tiketi mbili za mashirika mawili, abadilishe ndege katika nchi ya tatu, eti bei ni chee na maili za zawadi za mashirika ya ndege zinaingia kwenye akaunti ya familia. Akaunti ya familia ni yake peke yake.

Mama mkubwa, dada pekee wa mama, alikuwa apasuliwe moyo asubuhi ya siku inayofuata safari hiyo. Madaktari hawakuficha: huenda asiamke. Aliomba kitu kimoja tu, amshike mdogo wake mkono kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji.

Wiki moja kabla ya safari, Bwana Maili alinipigia simu. "Mama asafiri na kibegi cha mkononi tu. Usimfungie mizigo."

"Kwa nini?"

"Fanya nilivyosema."

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka arobaini na mbili, na siambiwi fanya nilivyosema. Nikajua ni ubahili wake ule ule, hataki kulipia mzigo. Nikaulipia mwenyewe. Nikamfungia mama sanduku la kilo ishirini na tatu, juu kabisa magauni matatu niliyomshonea mama mkubwa. Zipu niliivuta kwa raha zangu zote.

Siku ya safari mimi na kaka tulimsindikiza mama. Pale kaunta ya uwanja wa ndege karani alilipima sanduku, akasoma tiketi, akatikisa kichwa.

"Hizi tiketi hazijaungana. Sanduku litaishia njiani. Itabidi mama atoke nje alichukue, alikabidhi upya, na kutoka nje pale kunataka viza. Anayo?"

"Haihitaji," kaka akasema. "Mimi nimepita pale mara tisa."

"Ukiwa na sanduku?"

Kaka akaanza kupekua simu yake.

"Akiwa na kibegi tu anabaki ndani, anapanda ndege ya pili, hakuna atakayemuuliza viza. Liacheni. Nafunga baada ya dakika kumi na mbili."

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu, kulivuta sanduku kutoka kwenye mizani. Hatukulivuta.

"Nilikwambia nini?" kaka akanigeukia.

"Hukuniambia kitu. Ulitoa amri."

"Kubali umekosea, nilitoe."

"Kubali wewe kwanza! Unamzungusha mama na magoti yake mabovu kwa ajili ya maili zako!"

Basi tukafunguliana. Nikamtolea ya harusi yangu ambayo hakuja, naye akanitolea ya vyombo vya marehemu baba. Foleni nzima ilitukodolea macho. Mama akasema, "Wanangu." Akasema tena, "Wanangu, jamani." Nikamjibu, kwa mdomo wangu huu, "Subiri mama, huyu leo lazima anisikie." Mama akalishika sanduku mwenyewe. Magoti yakamkatalia, likabaki pale pale.

Karani akazima skrini. "Nimefunga."

Kaka alibembeleza, akafoka, akaonyesha kadi yake. Mimi nililia kwa hasira. Karani alikuwa ameshaondoka. Ndege nyingine yoyote, hata ile isiyotua njiani, ingemfikisha mama keshokutwa.

Ndipo simu ya mama ikaita. Masikio yake ni mazito, kwa hiyo huweka spika, na sote tukaisikia sauti ya mama mkubwa, nyembamba, imechoka.

"Mdogo wangu, umeshapanda?"

Mama alimtazama kaka, kisha akanitazama mimi. Niliona aibu mpaka nikatamani anizabe kofi.

"Nimeshapanda, dada. Wamenipa kiti cha dirishani."

"Basi acha nilale. Ukifika uniamshe."

"Nitakuamsha."

Akakata simu, akajikalisha juu ya sanduku. Kaka alinyoosha mkono amshike, nami nikanyoosha wangu, na mama akaikunja mikono yake yote miwili kifuani.