Hodi ya Nne

Mdogo wangu Mwanawema alikaa kwangu Makoongwe wiki nzima akichora visanduku na mishale kwenye kompyuta, na mimi na tumbo langu la miezi minane ndiye niliyempikia. Nilikwisha kumchoka. Mtu kasomeshwa hadi chuo kikuu, kazi yake michoro.

Alikuwa anatengeneza mitambo midogo mitatu: mmoja wenye kitufe kwenye kituo chetu cha afya, mmoja ndani ya boti ya wagonjwa, mmoja hospitalini ng'ambo, Mkoani. Mkunga akibonyeza, boti ije. Kila mtambo unajiendesha wenyewe, na jibu lazima lifike kwa wakati. Mtoto wangu wa kwanza nilimzika kwa sababu boti haikujua kama inaitwa. Kitufe kile nilikitaka kuliko mtu yeyote kisiwani.

Siku ya uzinduzi, wageni wamekwisha keti na pilau imeiva, Mwanawema akasema mitambo haiwashwi.

Damian, fundi mwenzake kutoka Bukoba, akashika kichwa. "Jana si tumeijaribu, ikafanya kazi?"

"Jana boti ilikuwa hapa gatini. Modeli ya kwenye kompyuta imejaribu kila mahali."

Nikamvuta hadi jikoni. Nilikuwa na hasira za kumpiga. "Wee Mwanawema, wanitia aibu mie mbele ya watu, na mwanangu yu njiani. Nambie, una nini?"

Akanifungulia kompyuta. Kuna lugha, akasema, ya kuandikia mwenendo wa kila mtambo: unauliza nini, unangoja kwa muda gani, usipojibiwa unafanyaje. Ukishaandika, kompyuta inapitia yote yanayoweza kutokea, hata yasiyomjia mtu akilini. Asubuhi ile ilikuwa imemwonesha boti iko nyuma ya mikoko, mawimbi ya redio hayafiki. Kitufe kinaita, kimya. Kinaita tena, kimya. Mara ya tatu, kimya. Kisha kinaacha.

"Kinaacha kwa nini?"

Akainamisha uso. "N'meandika hivyo mie, dada, wala sikufikiri. Hodi tatu, usipoitikiwa warudi."

Nikakaa juu ya mbuzi ya nazi. Ndivyo mama alivyotufunza sote wawili, hata mimi ningeandika hivyo hivyo. Damian maskini alidhani hiyo tatu imetoka vitabuni.

Wageni walikula, wakaondoka wakinung'unika. Mwanawema akaandika upya: mtambo uite mpaka uitikiwe, na taa yake isiwe kijani mpaka boti yenyewe iseme inakuja. Modeli ikapitia yote tena, isione kasoro. Ndipo akawasha.

Uchungu ulinishika mchana mmoja mwezi uliofuata, nikakimbizwa kituoni, na boti iko nyuma ya mikoko. Mkunga akabonyeza. Taa ikawa nyekundu, mtambo ukaita, ukaita, ukaita. Nililia kwa woga, sioni haya kusema. Ukaita tena, boti ikawa imeshatoka mikokoni, na nahodha wake Mabruki akaitika.

Binti yangu alizaliwa Mkoani, mzima, mwenye sauti kubwa. Tuliporudi nyumbani Mwanawema akaja kumwona. Nilisikia hodi yake mlangoni, nami nanyonyesha, nikanyamaza makusudi. Akapiga ya pili, akapiga ya tatu. Kikapita kimya, nikadhani keshakwenda zake, moyo ukaniuma.

"Hodi," akasema tena, akaingia.