Miwani ya Penseli

Mwaka jana, katika tamasha la kwaya ya mji wao huko Wales, Eluned aliimba "Amina" peke yake. Hakupangiwa. Karibu na mwisho wa wimbo okestra ilinyamaza ghafla, kwaya nzima ikasubiri mkono wa mwalimu ushuke, yeye hakusubiri. Ukumbi mzima ulimsikia. Watu walicheka kwa huruma, lakini walicheka.

Mwaka huu walirudia wimbo uleule. Eluned alikuwa na miaka sabini na miwili, thelathini kati yake akiimba sauti ya pili, na alishaamua moyoni: akikosea tena, anarudisha kitabu cha nyimbo na mazoezini haji tena. Na tangu mumewe Emrys azikwe, Jumanne ya mazoezi ndiyo siku pekee aliyokuwa akiingojea.

Kitabuni, mahali pa ule ukimya, alichora miwani kwa penseli, kama waimbaji wa pale wafanyavyo kujikumbusha wainue macho wamtazame mwalimu. Akachora ya pili, kisha ya tatu.

"Loo, umefungua duka la miwani?" Beti, jirani yake wa kushoto jukwaani, akachungulia. "Leo usituimbie peke yako, bibi wee. Watu wamekuja kusikia kwaya."

"Cheka tu. Kitabu chako hakina hata alama moja."

"Mimi nina kichwa, penseli ya nini?"

Beti alikuwa hivyo. Mwaka mzima alimtania, na mwaka mzima alimpitia kwa gari lake kila mvua iliponyesha, yaani karibu kila Jumanne.

Fidla zikaanza. Walikaa kimya muda mrefu, kisha mwalimu Idwal akainua viganja, wakasimama wote. Beti akamshika kiwiko, maana magoti ya Eluned hayaamki upesi. Wakaimba. Ngoma zikanguruma, tarumbeta zikapanda, kurasa zikageuka, na miwani zote tatu zikamkodolea macho.

Okestra ikanyamaza.

Eluned alifumba mdomo hadi meno yakamuuma. Mkono wa mwalimu ulikuwa bado juu. Ndipo akasikia pumzi ikivutwa kando yake. Kifua cha Beti kilishajaa, kinywa kilishafunguka, na macho yake yalikuwa kwenye karatasi.

Eluned akamfinya mkono, kwa nguvu zake zote.

Beti akafumba kinywa. Kisha mkono wa Idwal ukashuka, na sauti mia moja zikaingia pamoja. Eluned aliimba huku machozi yakimtoka. Hakuyafuta: mkono mmoja ulishika kitabu, na ule mwingine Beti alikuwa ameung'ang'ania.

Baadaye, kwenye chai, Beti akagonga kikombe kwa kijiko.

"Jamani! Leo nusura niwaimbie peke yangu. Huyu hapa kaniokoa. Tazameni alivyonifinya!"

Idwal alicheka hadi chai ikamwagika.

"Si ungenyamaza tu?" Eluned akamnong'oneza. "Hakuna aliyekuona."

"Wewe walikuona, nami nikakucheka mwaka mzima. Lete hiyo penseli. Mwezi ujao tunaimba wimbo huuhuu mji wa pili."

Beti akachora miwani yake ya kwanza, kubwa, imepinda upande.

"Jumanne nakupitia," akasema. "Hata kusiponyesha."

Eluned akakata kipande cha mkate wa zabibu, akamwekea kwenye sahani yake.

"Nitakuwa mlangoni," akasema.