Namba ya Getini

"Punguza sauti, dada. Watu wanakula."

"Wale tu. Soseji haizibi masikio."

Ndugu yangu Russell aliinama juu ya bamba la kuchomea akageuza soseji nne kwa mkupuo, kama kwamba wanaosubiri jibu lake walikuwa soseji, si mimi. Moshi wa vitunguu ulimpita usoni. Alivaa aproni yenye jina lake kifuani, DIWANI RUSSELL PENHALL, maana kura ilikuwa Jumamosi inayofuata naye alikuwa anaomba kipindi cha tatu. Nyuma yangu foleni ilifika hadi kwenye magunia ya mbolea mlangoni mwa duka la vifaa. Kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha Tallowin kilichoma soseji pale kila mwezi ili kununua mipira ya maji, na kila mwaka wa kura madiwani waligundua ghafla kwamba wanapenda kupika.

"Nakuuliza tena. Utaizima leo au huizimi?"

"Mimi si fundi, Glenys."

"Utepe uliukata wewe."

Alimwuliza mtu aliyekuwa nyuma yangu kama anataka kitunguu.

Mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza kwa nini watu wazima wenye akili zao wakate utepe kwa ajili ya programu ya simu. Lakini waliukata, mwezi wa tatu mwaka ule, mbele ya ukumbi wa halmashauri, kukiwa na keki. Programu iliitwa Nyumba kwa Nyumba. Kabla yake, moto ulipotokea, sisi wanawake tulipigiana simu: Bev Tranter alinipigia mimi, mimi nikampigia Noreen, Noreen akawapigia wa Barabara ya Kiwanda cha Mbao, na kabla chai haijapoa wilaya nzima ilijua moshi uko upande gani na bibi yupi anahitaji kubebwa. Russell aliuita mnyororo huo teknolojia ya bibi zetu. Alisema hivyo jukwaani, mimi nikiwa nimeketi mstari wa pili na keki yake mkononi.

Programu yenyewe ilikuwa rahisi, na walijivunia urahisi huo. Kwetu mashamba yako mbali na barabara, kwa hiyo kila geti lina kibao cha namba kinachowaka kikipigwa na taa za gari, ili gari la zimamoto lisipotee kwenye moshi. Basi wakubwa wakakaa, wakafikiri, wakaamua kwamba namba hiyo hiyo ndiyo iwe ufunguo. Unaandika jina la barabara na namba ya geti, na nyumba inafunguka: nani anaishi humo, wana umri gani, nani hawezi kutembea. Wazimamoto wakifika getini wasipoteze muda kuuliza. Na kwa kuwa wazimamoto wanaitegemea, mwenye nyumba hawezi kuibadilisha. Gazeti la mkoa lilimpiga picha Russell akiwa ameegemea geti lake, namba 418 ikimeremeta nyuma ya bega, na chini ya picha maelezo ya jinsi ya kuingia.

Nina diploma ya uuguzi wa wanyama. Kazini kwangu hata kabati la dawa za minyoo lina kufuli. Nilisimama siku ile nikauliza: anayepita barabarani na macho yake mawili atazuiwa na nini?

Hapo ndipo nilipojua nchi yetu ina wataalamu wangapi. Mzee mmoja alisema yeye hana la kuficha, na kweli hakuwa nalo, maana kila mtu alimjua tangu mke wake alipomkimbia. Mwingine alisema serikali inajua kila kitu tayari, kwa hiyo haina maana kujisumbua. Wa tatu akasema hatari ni Wachina. Nikamwuliza Wachina watafanya nini na umri wa mama yake. Akasema, "Hujui siasa za dunia, Glenys." Mwenye duka la matairi alitushauri tuweke alama ya mshangao mwishoni mwa nywila, na watu wakaitikia kwa vichwa kama kanisani. Russell akafunga mjadala: "Dada yangu anaogopa hata mashine ya kuoshea vyombo." Wakacheka. Nikamaliza keki.

Mwezi wa sita binti yangu Tamsin alirudi kutoka mjini na begi moja na mkono uliofungwa plasta. Sitamtaja aliyemvunja. Tulimpikia mtu huyo Krismasi tano. Alijua barabara zetu zote, alijua mpaka ng'ombe wa kwetu wanaingilia wapi. Kwa hiyo Tamsin hakuweza kukaa kwangu, na mahali pangu ndipo ambapo mama yeyote angetaka mtoto wake akae. Tulimpeleka kwa Noreen, mjane aliyekuwa dereva wa basi la shule, mwisho wa Barabara ya Kiwanda cha Mbao. Hakimu aliamuru jina la Tamsin lisionekane kwenye daftari la wapiga kura. Hapa Tallowin kila mtu alijua yuko wapi, na hakuna aliyewahi kulitamka. Bev alikuwa akiniachia mayai zaidi ya nilivyoagiza na kusema, "Kuku wamechachamaa kutaga." Hayo tu.

Noreen naye ni mtu mwaminifu. Kikosi kilituma ujumbe kwamba mtu asiyeandikwa hatatafutwa nyumba ikiungua. Akamwandika Tamsin. Angefanya nini? Amwache mtoto wa watu aungue kwa sababu ya usiri?

Ijumaa ile jioni, siku moja kabla ya soseji, nilifungua ukurasa wa nyumba yetu kutazama taarifa ya upepo. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kijivu, kulikuwa na mstari ambao sikuwahi kuujali: ulifunguliwa mara ya mwisho leo, saa nane mchana. Saa nane mchana nilikuwa kazini, nimemshika mbwa anayetapika. Mume wangu Des alikuwa chini ya lori, na simu yake ilikuwa juu ya friji. Nikampigia jirani yetu wa kulia. Akafungua wa kwake. Saa nane na dakika nne, naye alikuwa kwenye mazishi. Nikampigia wa baada yake. Hakuwa ameugusa tangu mwezi wa tatu; ulisema saa nane na dakika saba.

Mtu alikuwa ameketi mahali, amejipikia kahawa labda, anatembea barabarani kwetu geti kwa geti bila kuchafua viatu.

Niliketi sakafuni jikoni. Sina kawaida ya kuketi sakafuni.

Polisi walisema watalifuatilia. Halmashauri ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Nikampigia Russell mara sita, hakupokea. Ndiyo maana nilimfuata kwenye soseji.

"Yule wa Tamsin ameanza na geti letu," nilimwambia sasa, nikiwa nimesogea karibu hata joto la bamba likaniunguza shavu. "Anaenda barabara kwa barabara. Atafika kwa Noreen. Leo, kesho. Wewe unao watu wa kuwapigia. Wapigie waizime."

Alishusha koleo. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni, na nikamwona ndugu yangu kabisa, yule tuliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Halafu akatazama foleni, na diwani akarudi.

"Jumapili ijayo," alisema kwa sauti ya chini. "Kura ikishapita tu, naapa, naizima mwenyewe. Nikiizima leo mpinzani wangu ataandika kwenye kila ukuta kwamba nimewauza watu."

"Umewauza."

"Sikiliza kwanza. Ukisimama hapa ukapiga kelele, unadhani yule mtu hatasikia? Utampa kila mwendawazimu wa nchi hii ramani. Sasa hivi anajua yeye peke yake. Tumia akili, dada."

Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba hapo alisema kweli. Aliitumia kwa faida yake, lakini kweli ilikuwa kweli. Nikitangaza, watu hawawezi kubadilisha ufunguo. Watabaki wanajua tu kwamba mlango uko wazi, pamoja na wezi wote. Nikinyamaza, yule anaendelea kutembea geti kwa geti.

"Mwondoe kwa Noreen kwa siku chache," Russell aliongeza, kama mtu anayetoa msaada. "Mpeleke Tamsin motelini. Wiki moja tu."

"Ahame yeye ili wewe usihame kwenye kiti."

"Glenys, una maneno makali bure."

Mwanamume aliyefuata kwenye foleni, yule yule wa matairi, alidakia. "Ni ile programu? Mimi nawaambia, wangeweka alama ya mshangao..."

"Kula mkate wako, Trevor," nilimwambia.

Nilienda kwenye gari nikafunga mlango. Nilifungua ukurasa wa Noreen. Ilichukua sekunde nane, nilihesabu kwa chuki. Jina la binti yangu lilikuwa pale, wazi, chini ya la Noreen. Yule mtu bado hakuwa ameufungua, ukurasa ulisema wa mwisho kuingia alikuwa Noreen mwenyewe. Nikatafuta pa kulifuta. Hapakuwapo. Kulikuwa na maelezo kwamba kumwondoa mkazi ni kazi ya afisa wa halmashauri, kwa maombi ya maandishi, siku za kazi. Waliogopa watu wasije wakafuta bibi zao kwa bahati mbaya. Lakini kumwongeza mkazi, karibu sana. Kitufe kikubwa cha kijani, kikubwa kuliko vyote. Ongeza. Bila kuulizwa wewe nani.

Nilikitazama kitufe kile muda mrefu kidogo. Kisha nikacheka peke yangu garini, kicheko kisicho kizuri, nikatoka.

Nilirudi kwenye bamba nikasimama pale pale nilipokuwa. Nikaandika jina la barabara ya Russell, kisha 418.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Namhamisha Tamsin, kama ulivyonishauri. Amehamia kwako."

Koleo lilibaki hewani. "Huwezi kuingia kwenye nyumba ya mtu namna hiyo. Hilo ni kosa la jinai."

"Ita polisi. Waambie nimevunja nini."

Niliandika jina lake lote na umri wake, ishirini na saba, nikabonyeza. Russell alitazama simu yangu, akatazama foleni, na nikaona anapiga hesabu ya kura kichwani. Hesabu ilimwambia anyamaze. Akachukua chupa ya sosi ya nyanya, safi tayari, akaanza kuifuta.

Nilianza kuandika namba ya geti lililofuata; aliyenizuia alikuwa Des. Alikuwa mwisho wa meza anapaka siagi mikate, na ndiye nahodha wa kikosi. Yeye huamini namba kama wengine wanavyoamini Mungu.

"Mama Tamsin, ngoja." Akaweka kisu chini. "Ukifanya hivi nyumba zote, siku ya moto nitafanyaje? Nitaingia kila nyumba inayoungua namtafuta mtoto wangu. Vijana wangu wataingia. Kwa mtu ambaye hayumo."

Hilo halikuwa jambo la kudharau, na sikulidharau.

"Baba Tamsin," nilisema, "siku ya moto utampigia nani kuuliza nani yuko wapi? Simu hii, au Bev?"

Alifikiri. Ni mtu wa polepole, na sikumharakisha.

"Bev," akasema.

"Basi."

Akachukua tena kisu cha siagi. "Mpigie na Kaylene," alisema bila kuinua kichwa, akimtaja mwenzetu wa mnyororo ule wa simu. "Barabara ya kwao ina mageti mengi."

Bev alikuwa wa nne kwenye foleni, na mfuko wake wa kamba, na miwani juu ya kichwa. Sikumweleza mengi. Nilimwambia kuna mtu anatafuta, na anatafutia wapi, na nataka akute nini atakapofika kwake. Alinisikiliza akitazama soseji. Wanawake wawili waliokuwa nyuma yake waliacha kuzungumza. Mmoja wao alikuwa tayari ametoa simu mkobani.

"Na wale wa ng'ambo ya mto?" Bev aliuliza.

"Wote. Asiachiwe geti hata moja bila jina la Tamsin."

"Nitawapigia mwenyewe nikifika nyumbani." Alishusha miwani puani, akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, namna anavyoandika mtu asiyetaka kurudia. Kisha kidole kikasimama. "Inauliza analala chumba gani."

Sikujua kama inauliza hilo. Des ndiye aliyejaza ya nyumba yetu, na kwa Russell nilikuwa nimelipita kwa hasira bila kulisoma. Mkate uliungua mahali, Russell akautupa.

Bev alitazama tena simu yake.

"Nitampa cha mbele," alisema. "Kinapata jua asubuhi."

Akaandika. Mama aliyekuwa nyuma yake akasogea, na simu yake mkononi, akaniuliza jina linaandikwaje.