Nafasi ya Kuitika

"Reine, Guerschom, Tresor, Darlène," ilisema spika ndogo mezani, mfululizo, kama karani anayesoma orodha ya magunia.

Marie-Louise akatikisa kichwa. "Huyu siye mume wangu."

Masinde, Mkenya aliyekuwa na kibanda cha kuhamishia kanda kwenye CD pale Nakivubo, alicheka. "Ni yeye, Mama. Kompyuta inakata kila inapokuta kimya, ndiyo inajua wimbo umeisha. Halafu kile kimya mimi hukitupa. Mzee wako alikuwa anawaza sana, nikampunguzia."

"Hakuwa anawaza, baba. Alikuwa anangoja."

Akamweleza taratibu. Kule kwao Butembo, kabla ya sala ya jioni, mumewe Zéphyrin aliwaita watoto mmoja mmoja, na hakufumba macho mpaka kila mmoja aitike, "Niko." Vita vikawatawanya watoto, wao wazee wawili wakavuka mpaka na kuangukia chumba kimoja mtaani Kisenyi, naye akaendelea kuwaita vilevile. Aliita, akangoja, akaita mwingine. Mwaka wa mwisho wa maisha yake alijirekodi. Tangu wamzike, Marie-Louise aliiwasha kanda kila jioni, akawaitikia watoto wote wanne. Sasa kanda ilikuwa imeanza kukwaruza na kumeza maneno.

Masinde hakucheka tena. Aliuzima muziki wa mlangoni uliokuwa ukiwavutia wateja, akampisha mama kwenye kiti chake mwenyewe, yeye akabaki amesimama.

"Rekodi nzima bado ninayo," alisema. "Nitakata kwa mkono, kila jina na kimya chake. Lakini hapa mwishoni kanda imeharibika, baada ya Darlène ni mikwaruzo tu. Huyo nitamwekea kimya changu. Nimpe sekunde ngapi? Tano, kama wenzake?"

Marie-Louise aliutazama mkono wake juu ya meza. Reine alikuwa Nairobi. Guerschom na Tresor walipiga simu Krismasi. Darlène hakuna aliyemwona tangu siku waliyokimbia. Ndiyo maana kila jioni jina lake ndilo alilolidaka upesi kuliko yote, kabla kimya hakijapata muda wa kumuuliza chochote.

"Mwongezee," alisema. "Yeye atakuwa anatoka mbali."

"Dakika nzima?"

"Weka dakika."

Masinde alifanya kazi kwa muda mrefu. Alipomaliza akaiwasha rekodi. Zéphyrin akamwita Reine, akangoja, Marie-Louise akaitika kwa sauti ya chini, "Niko." Akamwitikia Guerschom. Akamwitikia Tresor.

"Darlène," Zéphyrin aliita.

Midomo ya Marie-Louise ilikuwa tayari. Akaifumba.

Kwenye kioo cha kompyuta mstari wa sauti ulikuwa umenyooka, ukisogea polepole kuelekea kulia. Masinde alinyoosha mkono kuizima rekodi, akamtazama mama usoni, akautia mkono mfukoni.

Wakangoja wote wawili.