Mikono Juu Bwawani

Mwaka wa tatu wa Hali ya Hatari, enzi za mkoloni, mtu wa Meru hakuvuka mto Thuci kwenda Embu eti kwa sababu moyo umempeleka. Alihitaji pasi ya kusafiria, na pasi ilihitaji sababu, na karani wa ofisi ya Meru hakuwa ameambiwa na yeyote kwamba mapenzi ni sababu. Riungu alijaribu kumweleza. Karani alicheka mpaka akavua miwani.

Ndiyo maana Riungu aliipenda klabu kuliko hata walioianzisha. Klabu hiyo ya wanafunzi wa zamani wa shule moja ya misheni ilikuwa na matawi mawili, la Meru na la Embu, na kila msimu yaligombea ngao kwa michezo miwili waliyofundishwa na mwalimu wao mkuu, Mwalimu Njura: mpira wa magongo na mbio za mashua. Kwa ajili ya michezo, serikali ilitoa pasi. Nadhani waliona kwamba mtu anayekimbiza mpira hana nafasi ya kukimbilia kwa wapiganaji msituni.

Mpira wa magongo ulichezwa Kinoru, kule Meru, na Embu wakashinda. Riungu ndiye aliyekuwa golini, lakini hayo tuyaache, yanasikitisha. Zilibaki mashua, kwenye bwawa la misheni chini ya mji wa Embu. Meru wakishinda, matawi yatakuwa sawa, na mechi ya kuamua itachezwa Embu mwezi ujao. Yaani pasi nyingine. Wakishindwa, msimu umekwisha, na Riungu hatamwona Wanja, mpenzi wake wa Embu, mpaka mwaka mwingine. Na babake Wanja, Mzee Gichovi, alikuwa ameanza kumsifu fundi cherehani mmoja wa pale pale Embu, kijana mwenye baiskeli, ambaye hakuhitaji muhuri wa serikali kufika kwao kunywa chai.

Sasa, mashua ina ukaidi wake. Wapiga makasia wanne huketi wameelekeza migongo kule wanakokwenda. Anayeona mbele ni mmoja tu, yule wa nyuma anayeshika usukani na kupiga kelele. Mbae, nahodha wa Meru, aliona huo ni wazimu.

"Siku hizi hata chooni naenda nikichungulia mbele," alisema. "Wewe unataka niende kinyumenyume, tena majini?"

"Mimi nitakuwa macho yako," Riungu alimjibu.

"Hapo ndipo ninapoogopa."

Na Mbae alikuwa na haki. Riungu alipewa usukani kwa kuwa alikuwa mwepesi na mwenye sauti, lakini mazoezini, kwenye kidimbwi kimoja karibu na Nchiru ambacho maji yake ni baridi kiasi cha kumfukuza hata chura, alijisahau kwa utani akapiga kelele, "Mamba!" Wote wanne waliruka nje. Mbae alipoteza kiatu. Tangu siku hiyo, Riungu akisema kulia, wanne hao hugeuza shingo kuhakikisha kulia kupo. Na kila wakigeuka, mashua inayumba kama mlevi anayetafuta mlango.

Siku ya mbio ilipofika, ukingo wa bwawa ulijaa watu, na homguadi wawili, askari wenyeji wa serikali, walisimama na bunduki kulinda, maana hakuna mkusanyiko uliokosa walinzi siku hizo. Wanja alikuwa mbele, kando ya babake.

"Umefika, Riungu," alisema, uso mkavu kabisa. "Fundi naye amefika. Baiskeli ameiegemeza kwa mparachichi wetu, kama yuko kwao."

Mzee Gichovi alikohoa. Riungu alimsalimu kwa mikono miwili na kuondoka mbio kuelekea majini, masikio yakimwaka moto.

Pale majini, Nthiga, mshika usukani wa Embu, alikuwa akimngoja na maneno yake. Nthiga alikuwa Mmbeere wa kule chini kwenye joto.

"Watu wa mlimani! Mmekuja kushindana ama kuoga?"

"Nthiga, kwenu mvua ikinyesha watoto wanaingia chini ya kitanda wakidhani ni vita. Wewe maji uliyajulia wapi?"

"Thagana, bwana! Mto wenye viboko. Wewe ulijifunzia kwa karai!"

Filimbi ya Mwalimu Njura ikalia.

Lo, walianza vizuri! Makasia yaliingia pamoja na kutoka pamoja, maji yakaruka, watu wakapiga vigelegele. "Vuta! Vuta! Mbae, vuta kama unatolewa jino! Kiambi, mke wako anakuangalia, na wangu mtarajiwa pia!" Mashua zilikwenda bega kwa bega. Riungu alihisi ubao ukitetemeka chini yake. Ng'ambo aliona bendera nyekundu ya mwisho, si mbali.

Halafu akaona kitu kingine. Katikati ya bwawa ulisimama mti mkavu uliofia majini, na Nthiga, mjanja wa Thagana, alikuwa akiwasukuma kuelekea huko polepole. Kati ya mti na mashua ya Embu ulibaki mwanya. Mashua ingepita. Mashua yenye makasia yaliyotandazwa kama mabawa haingepita hata kwa maombi.

"Inueni makasia!" Riungu alipiga kelele. "Kuna mti!"

"Na kiboko je, hakuna?" Kiambi alijibu, akivuta.

"Kweli, jamani! Mti!"

"Wacha mchezo!" alifoka Mbae. "Hesabu!"

Mti ulikaribia. Riungu aliona gome lake, akaona ndege aliyeketi juu yake akijiandaa kuondoka. Akaiona akilini na ile baiskeli ya fundi. Ndipo sauti ikamtoka, sauti asiyojua kwamba anayo, nzito, ya kutoka tumboni, sauti ambayo kila mtu wa Meru na Embu alikuwa ameisikia kwenye vizuizi vya barabara na ambayo hakuna aliyewahi kuidhania utani:

"SIMAMA! MIKONO JUU!"

Mikono minane ikaruka juu, na makasia pamoja nayo. Mashua ya Meru ikateleza ndani ya ule mwanya taratibu, ikikwaruza gome upande mmoja, ikatokea ng'ambo ikiwa nzima.

Lakini sauti ile haikuwa na mipaka. Wapiga makasia wa Embu nao walikuwa wameinua mikono. Nthiga aliuachilia usukani na kuinua yake. Ukingoni, akina mama waliinua, fundi cherehani aliinua, Mzee Gichovi aliinua pamoja na bakora yake. Homguadi mmoja aliinua ya kwake, bunduki ikaanguka matopeni.

"Vuteni!" Riungu alisema, sasa kwa sauti yake ya kila siku.

Watu wa Meru waliijua sauti hiyo, wakavuta. Watu wa Embu walibaki wakingoja ruhusa. Meru waligusa bendera peke yao.

Kelele za ukingoni hazikuwa na mwenyewe. "Huu ni wizi, Mwalimu!" Nthiga alilia. "Wizi gani?" Mbae alimrukia. "Nani alikushika mkono?" Homguadi yule alikuja akifuta tope kwenye bunduki, akitaka kujua nani anatoa amri za serikali bila kuwa serikali. Kwa kosa dogo kuliko hilo watu walikuwa wamepelekwa kizuizini.

Mwalimu Njura aliingia katikati kwa upole wake wa ubaoni. "Alikuwa akiwaamuru wapiga makasia wake, afande. Kama utaandika ripoti, ni sawa. Ila itabidi uandike pia mikono yako ilikuwa wapi."

Homguadi alimtazama, akaitazama bunduki yake, akaona ni heri akaangalie upande mwingine wa bwawa.

"Na mbio," Mwalimu aliendelea, "zitarudiwa. Jumamosi ijayo. Hapa hapa. Pasi nitawaombea mimi mwenyewe."

"Tumeshinda, Mwalimu!" Mbae alipasuka. "Riungu, una mdomo wa watu kumi. Sema kitu!"

Wote walimgeukia. Riungu alikuwa akipiga hesabu yake. Mechi ya kuamua ilikuwa mwezi ujao. Jumamosi ilikuwa wiki moja tu mbele. Na wakishinda tena, atapata pasi zote mbili.

"Mimi," alisema kwa unyenyekevu wa mtoto wa komunyo, "siwezi kumpinga Mwalimu wangu."

Mbae alitaka kumtupa majini. Kabla hajamfikia, bakora iligusa bega la Riungu. Mzee Gichovi alikuwa nyuma yake, na Wanja nyuma ya babake, kitambaa mdomoni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Kijana. Umenifanya niinue mikono mbele ya binti yangu na mji mzima."

"Nisamehe, Mzee."

"Jumamosi, kabla ya kuingia majini, pitia kwangu. Mwanamume mwenye sauti namna hiyo nataka nimsikie akiomba kitu kwa adabu, nyumbani, watu wakiwa wameketi."

"Nitakuja asubuhi na mapema, Mzee."

"Kuja na wazee wenu. Wapate pasi pia."

Riungu alikimbia kumtafuta Mwalimu Njura, akimpita Mbae mbio, akipiga kelele kwamba Jumamosi mashua ya Meru itahitaji washangiliaji, wawili watatu hivi, wenye mvi.