Lifti ni Mbovu

Mimi ni bawabu wa jengo hili, hapa Kairo, mwaka wa thelathini na moja sasa. Kusoma nilijifunza ukubwani, shule ya usiku, kwa hiyo karatasi ya Inas niliisoma mwenyewe, sikusaidiwa na mtu.

Inas na wenzake wa ghorofa ya nne walitengeneza mchezo wa kompyuta: mji kama wetu, unatembea popote utakapo, na kila kitu humo ni kichekesho. Mabango yanauza hewa safi. Daraja jipya linazinduliwa kila siku, wala halifiki popote. Na kwenye kila mlango kuna bawabu ambaye kwa glasi moja ya chai humtajia afisa wa usalama nani anaishi wapi.

"Sauti ya bawabu iwe yako, Ami Dahab," Inas akaniambia.

"Mimi mbea, binti?"

"Wewe? Wewe hata mwenye nyumba humwambii ukweli! Haya, soma." Akanipa karatasi.

Nikasoma, naye akanirekodi: "Ghorofa ya nne, mheshimiwa. Lakini lifti ni mbovu, panda kwa miguu." Ghorofa aliandika yao, kwa mzaha. Ya lifti aliyachukua kwangu; ndivyo ninavyomwambia kila mgeni, maana lifti ni ya wapangaji na ufunguo ninao mimi.

Mchezo ukatoka, mji ukacheka. Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, wakaingia wanaume wawili wenye miwani ya jua.

"Salaam, hajj. Inas yuko ghorofa gani?"

"Inas yupi, mheshimiwa bey?"

Mmoja akaangua kicheko. "Ni yeye, wallahi! Mwanangu anamsikiliza kwenye ule mchezo kutwa nzima." Akanipiga begani. "Usijisumbue, hajj, ulishatuambia. Na lifti mbovu, sivyo?"

"Mbovu, mheshimiwa."

Wakapanda ngazi wakicheka. Walipopinda kona, nikafungua lifti. Nilifika kabla yao. Inas aliutazama uso wangu tu, akashika viatu mkononi, akatoka kupitia jikoni, kwa ngazi za chuma za nyuma. Nikateremka kwa lifti.

Waliposhuka walikuwa wakitweta, na hakuna aliyecheka. Yule aliyenipiga begani akatazama taa ndogo juu ya mlango wa lifti, ile inayowaka lifti ikitumika. Ilikuwa bado inawaka.

Akakaa kwenye benchi langu, bega kwa bega nami, akaagiza chai. Nikamletea. Aliinywa taratibu mpaka ikaisha, akaiweka glasi chini.

"Sasa, hajj," alisema, "niambie tena ile ya lifti."