Etty Aliyekataa Kufungua Mdomo

Mama mwenzangu, ukiwa na mtoto asiyelia wala kusumbua, usijisifu kwa majirani. Mshike paji la uso kwanza. Mimi nilikuwa nimeshazaa wangu watatu, na bado nusura nimzike mtoto wa watu kwa ujinga.

Nilikuwa yaya London, nyumbani kwa Lodi Ambrose Thirlby, mbunge, mtoto wa ukoo mkubwa. Mkewe alikuwa shambani kwa mama yake akingoja kujifungua, mjini tukabaki na binti yao Etty, ghorofa ya juu. Kila siku saa kumi na moja jioni nilimwosha, nikamvika gauni jeupe, nikamteremsha sebuleni akae na baba yake kwa muda wa saa moja tu. Mtoto mwenye mafua hateremshwi. Anayelia anarudishwa juu. Sheria hiyo niliishika mimi kuliko wenye nyumba.

Etty aliipenda saa ile kuliko peremende. Basi siku moja ya Machi hakugusa chakula. Nikamuuliza, "Vipi, mwanangu?" Akatikisa kichwa. Nikadhani ni deko. Nikamfunga utepe, tukashuka.

Bwana alikuwa kando ya moto akipitia hotuba yake. Saa moja usiku Bunge lingepiga kura, na watu walisema serikali yao itasimama au kuanguka kwa kura moja. Akamnyanyua mtoto ambusu, akasita.

"Yaya, mbona ana moto kama mkate wa tanuri?"

Daktari akaitwa. Akampapasa shingo, akasikiliza anavyohema. Jipu la kooni, akasema, lipasuliwe sasa hivi kabla halijaziba pumzi. Lakini Etty alikuwa amebana meno. Tulimbembeleza, wapi!

"Nikimlazimisha, kisu kitakata pasipotakiwa," daktari akasema.

Bwana akapiga magoti. "Etty, kwa nini hutaki?"

Akajibu kwa meno yaleyale yaliyobana: "Mkiona kidonda mtanirudisha juu. Na saa yangu haijaisha."

Adabu ile nilimfundisha mimi.

"Hurudishwi," baba yake akasema. "Leo unakaa na mimi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka unichoke."

"Huendi Bungeni?"

Hapo bwana akageukia mlango, maana alishafika Kapteni Loftus, mtu wa chama ambaye kazi yake ilikuwa kuwaswaga wabunge kama mbuzi wakapige kura.

"Gari liko nje, bwana. Mtoto ana daktari, ana yaya. Wewe unafanya nini hapa?"

"Nimeshikwa kidole," bwana akasema. Na kweli, Etty alikuwa amekikamata.

Kule Bungeni kuna desturi: wa upande huu akipata dharura, humwomba mmoja wa upande wa pili naye asipige kura, mizani ibaki sawa. Lakini jioni kama ile nani angekubali? Bwana akaandika barua kwa mkono mmoja, ipelekwe kwa Josiah Crabbe, mwenye viwanda vya pamba, aliyemwita bwana juzi tu mbele ya watu "jogoo wa kupakwa rangi".

"Crabbe?" Kapteni akacheka. "Heri umwachie fisi bucha!"

Nusu saa haikwisha, Crabbe akaja mwenyewe, buti zina matope, kofia kichwani.

"Thirlby, hotuba zako zinanilaza kuliko dawa."

"Najua, Crabbe."

"Na ningekupinga hata nikiwa jenezani."

"Hilo nalo najua."

Crabbe akamwona mtoto mapajani. Akavua kofia. "Ana miaka mingapi?"

Bwana akafungua mdomo, kisha akanigeukia mimi.

"Anatimiza mitano Juni," nikasema.

"Usione haya," Crabbe akamwambia. "Mimi ninao saba, na nikiulizwa umri wao namwita mama yao. Basi. Wewe hupigi, mimi sipigi. Nitakaa hapo ukumbini, na huyu mchunga mbuzi anilinde nisitoroke."

Bwana akamwinamia Etty. "Umesikia? Siendi."

Etty akamtazama, akamtazama, kama hakimu. Kisha akafungua mdomo.

Daktari hakukawia. Usaha ulimwagika mpaka kwenye shati la bwana, na Etty akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia ndani ya nyumba ile. Nikataka kumwambia nyamaza, mazoea hayo. Baba yake akaniwahi: "Lia, mama. Lia."

Akalia mpaka akalala kifuani pake. Habari zikaja kwamba serikali imesimama kwa kura mbili. Crabbe akatukana kwa sauti ya chini, akaondoka kwa kunyata na mabuti yake.

"Yaya," bwana akaniuliza, "amewahi kuficha mengine?"

Ningeweza kudanganya ili kuilinda kazi yangu. "Jino, bwana, wakati wa Krismasi. Na kidole kilichobanwa na mlango siku ya wageni. Nilipogundua, nilimsifu kwa ushujaa."

Ndiyo, nilimsifu. Mama mwenzangu, usije ukamsifu mwanao kwa kukuficha maumivu. Atajifunza upesi mno.

Bwana hakunifokea. "Huwa anaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, bwana."

"Niamshe saa hiyo."

Nikamwamsha. Akapanda ngazi zote zile na viatu vya ndani, nywele timtim, akakaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yakimfika kidevuni. Akaniuliza uji wa Etty unapoozwaje.